Sufuria Iliyobaki Nyamigogo

Wenzangu wa jumuiya, mmeniuliza sana habari za Nyamigogo, na naona kila mmoja ameshasikia yake. Wengine mmesikia nilimtukana mzee wa watu mbele ya ukoo wake. Wengine mmesikia nilifukuzwa nikarudi bila hata sufuria yangu. Sasa nimekaa naandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu wa darasa la nne, ili atakayetaka kusema aseme yaliyokuwako.

Safari hii niliifanya kwa sababu niliambiwa nisiifanye. Mnamjua Odilia, mjukuu wangu, mtoto wa kwanza wa binti yangu Konsolata. Nakaa naye hapa Kirushya, na shule ataanza mwakani. Mtoto huyu hali karanga. Simaanishi kwamba hazipendi. Karanga zinamuua. Kuna watu humu bado mnadhani ni mambo ya kudeka, basi niwakumbushe siku ya ubatizo kwa jirani, watoto walipopewa uji wa lishe. Ndani ya ule unga mlikuwa na karanga. Odilia alikunywa vijiko vichache tu. Midomo ikavimba, macho yakafumba, mwili ukatoka mabonge kama ameumwa na siafu, halafu akaanza kukoroma akiwa macho. Nilimbeba kwenye bodaboda mpaka hospitali Ngara, kichwa chake shingoni kwangu, nikisikia pumzi inavyopungua. Walimchoma sindano pajani akarudi. Daktari akaniambia, "Bibi, huyu ana mzio mkali. Usimpe hata kidogo. Hata kijiko kilichogusa karanga usimpe."

Neno hilo nililishika. Nililishika kuliko wengi wanavyoshika katekisimu.

Baba yake Odilia ni Mabula, Msukuma wa Nyamigogo, kule Biharamulo. Ni dereva wa lori, mwezi huu yuko huku, mwezi ujao yuko kule. Mama yake Mabula, yaani mkwe wangu, akanipigia simu. Akasema babu yake Mabula, Mzee Nkwabi, amezeeka sana, macho yanakwisha, anataka kumwona kitukuu wake, ambariki na kumpa jina la ukoo. Konsolata alikuwa ametoka kujifungua, hawezi kusafiri. Nikasema nitamleta mimi. Mkwe akasema, "Ila mkwe, nikwambie ukweli. Ndugu huku wanasema mtoto asiyekula chakula chetu ni wetu kweli?"

Mimi nikasema, "Waambie nakuja naye, wamwangalie wenyewe pua."

Hapo ndipo Mama Yustina, jirani yangu, aliposimama mlangoni kwangu na ungo wake akasema, "Mama Konsolata, umechanganyikiwa? Kule Usukumani mboga bila karanga si mboga. Mtoto wa hivyo anakaa ndani, hapelekwi kwa watu."

Nikamjibu, "Anayefungwa ndani ni mbuzi."

"Akikufia njiani?"

"Na hapa je? Ile siku alikuwa njiani?"

Akaondoka akitikisa kichwa. Konsolata naye alilia. Aliniuliza, "Mama, wakimpa?" Nikamwambia hawatampa. "Wakimpa kwa siri?" Nikamwambia, "Watanipitia mimi kwanza, na mimi si mwembamba."

Kirushya, kabla jua halijapanda, nilifunga mizigo. Niliweka ndizi mbichi, maharage niliyochagua kwa mkono wangu, chumvi, sufuria ya Odilia, mwiko wake, sahani yake, kikombe chake. Unga wa mahindi nilisaga kwa jiwe la mama yangu, maana mashineni wanasaga kila kitu, na unga wa lishe humohumo. Mche wa sabuni na vitambaa. Dawa ya maji ya hospitali ya kutuliza mzio, na sindano kama ile aliyochomwa Ngara, na kichupa chake, ambavyo muuguzi alinifundisha kuvitumia mpaka akaridhika. Alinifanya nirudie kuichoma ndizi kama mwendawazimu. Nilivifunga kwenye kitambaa nikaviweka kifuani. Odilia alivaa gauni la kanisani. Akaniuliza, "Bibi, kule wana karanga?"

"Wanazo."

"Sasa tunaenda kufanya nini?"

"Kusalimia."

Ngara mjini tulifika kwa bodaboda, kule juu kilimani upepo unapuliza kama una ugomvi na watu. Stendi ilikuwa imeshaamka. Nilipoonyeshwa kiti chetu kwenye basi, nikatoa kitambaa na sabuni, nikafuta kiti, nikafuta mahali pa kushika, nikafuta dirisha. Konda akasimama ananiangalia.

"Bibi, unatufulia gari?"

"Nafuta."

"Basi ukimaliza, bado matairi."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikaendelea kufuta. Nilipomweleza sababu, yule kijana akawa mzuri. Akasema kwao yupo mtu anayevimba akila samaki. Akanipa kiti cha mbele ili nisiwe katikati ya watu wanaokula.

Benaco basi lilisimama, na wauzaji wakaja madirishani na mahindi, mayai, ndizi mbivu, na karanga za kukaanga. Binti mmoja aliyekaa upande wa pili wetu akanunua, akaanza kuzifikicha maganda na kuyapuliza. Maganda yale mekundu yanaruka kama nzi. Nikamgusa bega.

"Mwanangu, nakuomba uzifunge hizo mpaka ushuke. Mtoto huyu zinamdhuru."

"Bibi, si yeye anayekula. Nakula mimi."

"Unampulizia."

"Gari si lako, bibi."

"Gari si langu, ila mtoto ni wangu. Akianza kuvimba hapa, konda atageuza gari kurudi hospitali, na wewe utakuwamo. Chagua."

Baba mmoja nyuma, mwenye kofia, akadakia, "Hawa watoto wa siku hizi! Sisi tulikula kila kitu, na tumekua."

Nikageuka. "Umekua wewe. Waliokufa hawapandi gari kuja kutusimulia."

Yule binti akafunga karanga zake, akaziweka ndani kabisa ya mkoba. Nikampa kitambaa chenye sabuni na maji kidogo, akafuta mikono na kiti. Baadaye barabarani akaniuliza taratibu, "Bibi, ni kweli vumbi tu linaweza?" Nikamwambia sijui kama vumbi linaweza, na sitaki kujua kwa kumjaribishia mjukuu wangu. Akakubali. Alishuka njiani akampungia Odilia mkono akiwa mbali, kwa adabu.

Baada ya hapo ni pori. Mnaokumbuka zamani, magari yalipita pale yakisindikizwa na askari kwa sababu ya majambazi. Sasa ni lami na malori ya mizigo yanayokwenda Rwanda na Burundi. Odilia alikuwa akitafuta lori la baba yake. Kila lori jekundu akasema, "Lile!" Hata mara moja halikuwa lile. Alilala mdomo wazi, na mimi kila mara nilipeleka kiganja mbele ya pua yake. Ni mazoea. Tangu ubatizo ule siwezi kumwona amelala nikaacha.

Lusahunga tulishuka, jua kali, malori yamepangana pande zote mbili. Mama lishe mmoja akatuita, "Karibu bibi, wali upo, maharage yapo!" Nikamuuliza maharage ameyaunga na nini. Akasema, "Na karanga kidogo, yanakuwa mazito, utapenda." Nikamshukuru. Tulikula ndizi nilizochemsha nyumbani, chini ya kibaraza cha duka lililofungwa. Kisha bodaboda mbili, moja yetu na moja ya mizigo, maana yule kijana alisema sufuria na bibi na mtoto haviwezi kukaa pamoja.

Nyamigogo si kama kwetu. Kwetu ni milima na migomba mpaka mlangoni. Kule nchi imelala, unaona mbali, mahindi, mihogo, ng'ombe wenye mapembe. Tulipofika kwa mkwe wangu, pikipiki ilipozimwa, nilimvuta Odilia karibu nami. Ulikuwa wakati wa mavuno. Uwanja mzima, kutoka zizini mpaka jikoni, ulikuwa umetandikwa maturubai, na juu yake karanga. Karanga za kukauka, karanga za kubangua, wanawake wamekaa wanabangua na maganda yamejaa mapajani.

Odilia akashika kitenge changu. "Bibi, ni zenyewe."

"Naziona."

Nikainama nimpandishe mgongoni. Sikuwahi. Shangazi yake Odilia, dada yake Mabula, anaitwa Kabula, aliruka kutoka kwenye turubai akipiga vigelegele, akakimbia, akamshika mtoto mashavu kwa mikono miwili. "Mtoto wa Mabula! Angalieni paji la uso, ni Mabula mtupu!"

Nikapiga kelele. Nakiri nilipiga kelele ya kufukuza mbwa. Nikamvuta mtoto, nikamwaga maji ya chupa, nikamsugua mashavu kwa sabuni, nikamsafisha mikono asije akajigusa mdomo. Watu wamesimama wananitazama. Mgeni hata maamkio hajatoa, tayari anamwosha mtoto uchafu wa shangazi yake. Najua ilivyoonekana.

Kisha ikatokea. Kwenye mashavu ya Odilia, pale pale vidole vilipopita, ngozi ikainuka. Mistari mirefu, myekundu, imevimba, vidole vya kulia upande huu na vya kushoto upande ule. Nilimpa dawa ya maji. Mkono wangu mmoja ulikuwa kifuani kwenye ile sindano. Nikamkalisha, nikamfungua mdomo, nikatazama ulimi, nikamwambia aimbe. Mtoto anayeimba anapumua. Akaimba wimbo wa shule ya Jumapili.

Midomo haikuvimba. Koo halikufunga. Ikawa ni ngozi tu.

Nikasimama nikamwambia Kabula, "Njoo uone. Hivi ni vidole vyako."

Kabula akaangalia mikono yake, akaangalia mashavu, akaanza kulia. Mwanamke mmoja akasema huyu mtoto amerogwa, yuko mganga hapo ng'ambo. Nikasema, "Hakuna mganga. Kuna sabuni." Nikautoa ule mche nikauweka juu ya jiwe kando ya pipa la maji. "Anayetaka kumshika mjukuu wangu aanzie hapa."

Ndipo nikamsalimia mkwe wangu vizuri, kwa mikono miwili. Mwanamke mrefu, mpole, lakini uso ulikuwa umekunjamana. Alikuwa ameona mizigo inashushwa.

"Mkwe, hii ni sufuria?"

"Ni sufuria."

"Umekuja kwangu na sufuria? Kwangu hakuna sufuria?"

"Zipo. Zimepika karanga."

"Tutazisugua!"

"Mkwe, mimi sikuja kukagua sufuria zako. Hii ni ya Odilia tu."

"Watu watasema nini? Mgeni wa heshima anajipikia kwenye uwanja wangu, kama mpita njia?"

"Waambie nimekuja kukufundisha kupika ndizi."

Akataka kucheka akajizuia. Alikuwa amepika matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, na mboga ya majani iliyojaa karanga, nzito, inang'aa mafuta. Hivyo ndivyo kule wanavyomheshimu mtu. Kumpa mgeni mboga bila karanga ni kumpa chakula cha mgonjwa. Mimi niliila mboga yake, nikamaliza, nikanawa mpaka viwiko, kisha nikaweka mafiga yangu chini ya upenu wa mbali nikampikia Odilia. Mkwe akaja akasimama. Akasema kwa sauti ya chini, kama anayetoa siri nzuri, "Tungempa kidogo kidogo. Tone tu. Angezoea. Hata ndama anazoeshwa pumba."

"Mkwe, wewe una wajukuu wangapi?"

"Wengi, Mungu ashukuriwe."

"Basi wa kujaribishia mtafute kwa hao. Mimi nina huyu na mwingine bado yuko kwenye nguo za uchanga."

Alikasirika. Aliondoka. Sikumfuata.

Jua lilipoanza kulegea ukoo ukakusanyika kwa ajili ya ile baraka. Mzee Nkwabi alitolewa nje, akakalishwa kwenye kigoda. Mzee mwembamba, blanketi mabegani, kifua kinapiga filimbi kila anapovuta pumzi. Meno hana. Pembeni yake kulikuwa na kibuyu cha maji na kibakuli. Wakanieleza desturi yao. Mzee anachukua maji mdomoni, anampulizia mtoto usoni na kifuani, fuu, maji na mate pamoja, anataja jina, na mtoto anakuwa wa ukoo. Jambo zuri. Hata kwetu wazee walitema mate ya baraka.

Mkwe akamshika Odilia mkono, alikuwa amenawa, nilimwona. Akampeleka mbele. Mzee akainua kibuyu. Na mimi nikaangalia kile kibakuli.

Kilikuwa na matobolwa yaliyopondwa pamoja na karanga, laini, chakula cha mtu asiye na meno. Kijiko kimo. Kimeliwa nusu. Na kwenye pembe ya mdomo wa mzee palikuwa na ule ute wa kahawia.

Wote pale walikuwa wameondoa karanga. Walikuwa wamekunja maturubai, wamefagia, Kabula alikuwa amejisugua mpaka ngozi imepauka. Walikumbuka mikono, walikumbuka sahani. Hakuna aliyekumbuka mdomo wa mzee, kwa sababu kwao mdomo ule si wa kula tu, ndio mlango wa baraka. Nani ataushuku?

Mzee alikuwa ameshajaza maji mashavuni. Nikapita katikati ya watu nikasimama mbele ya mtoto. Yale maji yakanipata mimi, kifuani na shingoni.

Zikazuka kelele. Mtu akasema, "Amezuia baraka!" Mwingine, "Huyu mama ana kiburi gani?" Mkwe akafunika uso.

Nikapiga magoti, maana mzee ni mzee. Nikasema, "Shikamoo, mzee. Nisikilize. Umekula karanga. Ziko mdomoni mwako. Ukimpulizia mtoto huyu zitaingia machoni na puani mwake, na hatafika kesho. Nakuomba unawe mdomo kwanza."

Mzee akasema, sauti inakwaruza, "Nimebariki watoto wa nyumba hii wote. Nimembariki baba yake. Leo mwanamke kutoka Ngara ananiambia nina mdomo mchafu?"

"Sikusema mchafu. Nimesema una karanga."

"Nikikataa?"

"Nitambeba tuondoke, hata kwa miguu. Atakosa jina lenu, atabaki na pumzi."

Mama yangu, mtu hasemi hivyo kwa wakwe. Najua. Magoti yangu yalikuwa chini, lakini neno langu sikulishusha. Kama ingebidi ndoa ya Konsolata ivunjike pale uwanjani, ingevunjika, na ningekwenda kumwambia mwenyewe.

Mzee akamnyooshea kidole Odilia, aliyekuwa amechungulia nyuma yangu. "Wewe. Njoo hapo nikuone, usinikaribie. Ulikula karanga ikawaje?"

Odilia akasema, "Nilivimba."

"Halafu?"

"Hewa ikaisha."

Mzee akakohoa. Kifua kikapiga filimbi kwa muda mrefu, mkwe akamshika mgongo mpaka kikatulia. Akajifuta macho kwa blanketi.

"Hewa ikaisha," akasema. "Ninyi hapa mnaopiga kelele hamjui hewa ikiisha. Mimi najua. Kila nikilala najua." Akasukuma kile kibakuli kwa mguu. "Ondoeni hii. Baba yangu hakubariki mtu jioni akiwa ameshiba. Alibariki alfajiri, kabla hajatia kitu mdomoni, mate yakiwa matupu. Sisi ndio tumekuwa wavivu wa kuamka. Huyu mtoto nitambariki alfajiri."

Kabula akasema, "Babu, sasa utakula nini leo? Hula kitu kingine."

"Nitakunywa maziwa. Kwani nilizaliwa na karanga mdomoni?"

Watu wakacheka, na ule ugumu ukalegea kidogo. Mkwe hakucheka. Alipopita karibu nami akasema, "Umeniaibisha, mkwe."

Nikasema, "Nimekuaibisha. Mtoto anapumua."

Alfajiri, ng'ombe bado wako zizini, tulitoka tena. Nilimkuta mzee ameketi, mti mpya wa mswaki mkononi wa kusugulia ufizi, maji yamemwagika miguuni pake. Kabula aliniambia amesukutua mpaka amechoka, na maziwa aliyataka kwenye kikombe kipya. Mzee akafungua mdomo wake mbele yangu, ufizi mtupu, kama mtoto kwa daktari.

"Kagua, mama wa Ngara."

Nami nikakagua. Mnaodhani niliona haya, sikuona.

Akachukua maji, akapuliza. Yakamwangukia Odilia usoni na kifuani. Mzee akasema, "Minza." Lilikuwa jina la mama yake mwenyewe, akaeleza, mwanamke ambaye hakuna aliyeweza kumlisha asichotaka. Mkwe wangu akaniangalia, nami nikamwangalia.

Kisha tukangoja. Wenyewe walikaa, hawakuondoka. Maji yakakauka kwenye ile ngozi. Niliangalia mashavu, niliangalia midomo, nilimtegea sikio. Jua likatoka likampiga usoni, uso ukawa laini vilevile. Odilia akauliza kama sasa anaweza kwenda kuona ndama. Kabula akaenda kwenye pipa akanawa kwa ule mche wa sabuni, akarudi akamnyooshea mkono.

Siku ya kurudi, mkwe alitusindikiza mpaka njiani. Nilipokuwa nafunga mizigo kwenye pikipiki, akashika ile sufuria.

"Hii iache."

"Ya nini?"

"Ikae hapa. Ya Minza. Akija tena usinibebee sufuria kama mpita njia."

"Mkwe, ikipikwa karanga hata mara moja..."

"Nitaifunga kwa kamba darini. Atakayeigusa atanitambua." Akanitazama kwa jicho la ukali, na hapo nikamwona kwa mara ya kwanza kwamba ni mwenzangu. "Unadhani ukali umezaliwa nao wewe tu?"

Nikaiacha, pamoja na mwiko. Hiyo ndiyo habari ya sufuria. Sikufukuzwa.

Njiani tulirudi bila makubwa. Konda alikuwa mwingine, naye nikamfutia gari lake. Sindano ilirudi kifuani kwangu kama ilivyokwenda.

Mtu akiniuliza nimejifunza nini, nitamwambia hivi. Niliondoka hapa nikidhani nakwenda kupigana na watu wabaya. Sikumkuta mbaya. Yule shangazi alikimbia kwa furaha, mkwe alipika kwa heshima, mzee alijaza maji mdomoni kwa upendo, na kila mmoja wao angeweza kumuua Odilia. Kwa hiyo sitamwogopa tena mtu kwa kuwa ni mwema, wala sitanyamaza kwa kuwa ni mkubwa. Nitasema mapema, kwa sauti, nikiwa nimepiga magoti kama inabidi. Na mtoto hafichwi. Anayefichwa hajifunzi kusema.

Tulipofika Kirushya, nilikaa nje namenya ndizi. Mama Yustina akaja, haraka haraka, kabla hata vumbi la safari halijanitoka, anataka habari. Alikuwa ametoka jikoni kwake na ungo wake. Odilia akasimama katikati ya mlango, mikono nyuma.

"Shikamoo, Mama Yustina."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi? Njoo nikushike."

"Umekula karanga?"

Mama Yustina akanitazama, anangoja nimkemee mtoto. Mimi nilikuwa na ndizi zangu.

"Nimeonja kidogo tu kwenye mboga," akasema.

"Maji yako pale," Odilia akasema. "Na sabuni."

Mama Yustina akaweka ungo wake chini, akaenda kunawa.